Uzi maalumu: Kusema "napenda", "ningependa" na "afadhali" kwa Kijerumani tukianzia kwenye Kiswahili chetu

Mleta uzi

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwasaidia nyakati za jioni watu wanaojiandaa kwa mtihani wa Kijerumani wa ngazi ya A1, yaani ngazi ya kwanza kabisa. Wengi wao ni vijana wanaotaka kwenda kuishi na familia za Wajerumani na kulea watoto, wengine ni wauguzi walio mwanzoni mwa safari yao, na wengine ni wenzi wa ndoa, ambao tangu mwaka 2007 kwa kawaida hudaiwa cheti cha ngazi hiyo kabla ya kupewa viza ya kuwafuata waume au wake zao. Katika sehemu ya kuzungumza, mtahiniwa huwekewa mbele yake maneno saba ya kujitambulisha: Name, Alter, Land, Wohnort, Sprachen, Beruf, Hobby. Jina analisema vizuri, umri, nchi, mji, lugha na kazi pia. Anapofika Hobby, yaani jambo analopenda kufanya, ndipo ninaposikia, karibu kila mara, sentensi ileile ya kusema "napenda kusoma": "Ich mag zu lesen."

Sentensi hiyo haipo katika Kijerumani, na ningependa tujadili hapa kwa nini inatujia na tuifanyie nini, kwa sababu namna ya kueleza mapenzi ya jambo ndiyo inayomtambulisha mtu mapema kama anaizungumza lugha au anaitafsiri.

Kiswahili husema "napenda kusoma": kitenzi cha kupenda kwanza, kitendo chenyewe baadaye. Kiingereza, ambacho wengi wetu tumekitumia shuleni, hufanya vivyo hivyo, kwa hiyo tunaingia kwenye Kijerumani tukiwa na uzoefu wa lugha mbili zinazotuelekeza upande mmoja. Mjerumani hasemi kwamba anapenda kusoma. Anasema kwamba anasoma, kisha anaongeza neno dogo linaloonyesha kwamba kitendo hicho anakifanya kwa moyo: "Ich lese gern." Kupenda hakumo ndani ya kitenzi kabisa; kumo ndani ya kielezi gern, ambacho wengine hukitamka gerne bila tofauti yoyote ya maana.

Njia ninayowapa wanafunzi wangu ni hii. Andika sentensi yako kwa Kiswahili, "napenda kupika pilau", kisha ufute "napenda" na ukibakize kitendo: "ninapika pilau", Ich koche Pilau. Sasa weka gern baada ya kitenzi: Ich koche gern Pilau. Ukitaka kukoleza, sehr gern. Ukitaka kukanusha, nicht gern. Mwanafunzi mmoja aliandika sentensi kumi za namna hii kwenye daftari lake kila usiku kwa wiki mbili, akikata neno "napenda" kwa kalamu nyekundu, na kosa lile halikumrudia tena.

Jihadharini na vitenzi vinavyogawanyika. Kiambishi kinapokwenda mwisho wa sentensi, gern hubaki katikati: Ich sehe gern fern, napenda kutazama televisheni, Ich stehe nicht gern früh auf, sipendi kuamka mapema. Wanaoandika "Ich sehe fern gern" wanaeleweka, lakini masikio ya Mjerumani hugutuka.

Karibuni tuchangie.

Mpwani

Shikamoo mwalimu. Nashukuru kwa uzi huu. Mimi nipo Mombasa na najisomea mwenyewe. Swali langu ni kuhusu mögen, kitenzi cha kupenda. Katika video za Wajerumani wenyewe nimesikia "Ich mag Tee", na mara nyingine hata "Ich mag schwimmen". Je, hawa wanakosea?

Mleta uzi

Marahaba, ndugu yangu. Hawakosei.

Kitenzi mögen hupenda kukaa na nomino, yaani na kitu au mtu: Ich mag Tee, Ich mag meine Nachbarin, Ich mag diese Stadt. Minyambuliko yake ni ich mag, du magst, er mag, wir mögen, ihr mögt, sie mögen. Angalia kwamba "er mag" haina t mwishoni, na kosa la kuandika "er magt" ni la kila siku. Kwa hiyo "Ich mag Tee" na "Ich trinke gern Tee" zote ni sahihi. Ya kwanza inazungumzia chai, ya pili inazungumzia kunywa kwako.

"Ich mag schwimmen" husikika kweli katika mazungumzo, lakini kwa anayeanza naishauri "Ich schwimme gern", kwa kuwa ndiyo ya kawaida zaidi na haimkwazi mtahini. Kisichokubalika ni ile zu ya "Ich mag zu schwimmen". Ukitaka kuhusisha sentensi nzima, Kijerumani kina njia yake: "Ich mag es, wenn es regnet", napenda mvua inaponyesha. Hilo es linawekwa kushika nafasi ya jambo litakalotajwa mbele.

Katika kukanusha, usiseme "Ich mag nicht Fisch". Nomino isiyo na kibainishi hukanushwa kwa kein: Ich mag keinen Fisch. Kuna tofauti inayowahusu hasa wanaokwenda kuishi katika nyumba za watu: "Ich esse keinen Fisch" maana yake ni sili samaki, iwe kwa afya, kwa dini au kwa mwiko, na mwenyeji wako hatakupikia tena, "Ich esse nicht gern Fisch" maana yake ni sipendi sana, lakini pakiwa hapana kingine nitakula. Na iwapo unataka kusema kwa adabu kwamba jibini lao limekushinda, ongeza so: "Ich esse nicht so gern Käse." Neno hilo dogo hupunguza makali kama sisi tunavyosema "silipendelei sana".

Muuguzi Mtarajiwa

Mwalimu, kwangu gern si tatizo. Tatizo ni gefallen. Kitabu kinasema "Das Haus gefällt mir" ni "napenda nyumba hii", halafu sielewi kwa nini mimi ninayependa nimegeuzwa kuwa mir, na nyumba ndiyo imekuwa mtenda. Nimekariri tu bila kuelewa.

Mleta uzi

Dada, swali lako ndilo lililonifanya nianzishe uzi huu, na nitalijibu kwa kirefu.

Hukuelewa kwa sababu kitabu kilikupa tafsiri isiyofaa. "Das Haus gefällt mir" si "napenda nyumba hii". Ni "nyumba hii inanipendeza". Sasa tazama neno letu "inanipendeza" na ulipasue: i- ya mwanzo ni nyumba, ndiyo kiima, -ni- ya katikati ni mimi ninayefikiwa na jambo, -pendeza ni kitenzi. Mjerumani anasema neno kwa neno hivyohivyo: das Haus ni kiima, gefällt ni kitenzi, mir ni ile -ni- yako. Hakuna aliyekugeuza chini juu. Bibi yako amekuwa akiijenga sentensi hii maisha yake yote bila kwenda darasani.

Ukishaliona hilo, jedwali la dativi, yaani maumbo kama mir ya anayefikiwa na jambo, linapungua uzito. Linanipendeza, gefällt mir. Linakupendeza, gefällt dir. Linampendeza, gefällt ihm kwa mwanamume na gefällt ihr kwa mwanamke, kwa kuwa Wajerumani wanatofautisha jinsia pale ambapo sisi tunatosheka na -m-. Linatupendeza, gefällt uns. Linawapendeza ninyi, gefällt euch. Linawapendeza wao, gefällt ihnen. Na kwa heshima, kwa mtu usiyemzoea, gefällt Ihnen yenye herufi kubwa.

Upatanisho wa kisarufi nao unafanya kazi kwa njia moja. Kiatu hiki kinanipendeza, viatu hivi vinanipendeza: kilichobadilika ni kiambishi cha kiima, si -ni-. Der Schuh gefällt mir, die Schuhe gefallen mir: kilichobadilika ni kitenzi kinachofuata viatu, na mir imekaa palepale. Anayeandika "Die Schuhe gefällt mir" ni sawa na anayesema "viatu hivi kinanipendeza", na ukijisomea kwa Kiswahili kwa sauti utalisikia kosa papo hapo.

Kuhusu wakati uliopita, filamu iliyokwisha ni "Der Film hat mir gefallen", ilinipendeza. Shikilia hat. Kitenzi fallen, kuanguka, nacho kina umbo gefallen, lakini hicho hutumia ist: "Er ist gefallen" maana yake ameanguka, na katika habari za vita maana yake ni kwamba askari ameuawa. Herufi chache tu zinatenganisha kupendezwa na msiba.

Chakula kina kitenzi chake. Usiseme "Der Reis gefällt mir" unapomaanisha utamu, kwa sababu ni kama unasifu wali kwa kuutazama. Sema "Der Reis schmeckt mir." Hapa pia Kiswahili kimetangulia: wali umeninogea. Wali ndio kiima, mimi ni -ni-. Mhudumu wa hoteli akija mwishoni na kuuliza "Hat es Ihnen geschmeckt?", anauliza kama chakula kimekunogea, na jibu lifaalo ni "Ja, sehr gut, danke."

Mkaazi wa Ruhr

Naomba kuongeza tahadhari moja juu ya kupendeza, kwa kuwa mimi iliniponza.

Niko Ujerumani mwaka wa nne. Katika miezi yangu ya mwanzo mwenzangu wa kazini alikuja na gauni jipya la rangi ya manjano. Kwetu Tanga ningemwambia "gauni limekupendeza", naye angeshukuru. Nikalitafsiri kama ulivyoeleza, nikamwambia "Das Kleid gefällt dir." Alinitazama kwa mshangao, kisha akajibu kwamba ndiyo, linampendeza, ndiyo maana alilinunua. Nilikuwa nimemweleza kwamba yeye analipenda gauni lake, jambo alilokuwa akilijua bila msaada wangu. Nilichopaswa kusema ni "Das Kleid steht dir gut."

Kwa hiyo Kiswahili kina "kupendeza" mbili ndani ya neno moja, nayo Kijerumani kimezigawa. Ikiwa maana ni kwamba nguo imemkaa mtu vizuri, ni stehen pamoja na dativi. Ikiwa maana ni kwamba mtu anavutiwa na nguo, ni gefallen.

Mleta uzi

Ahsante sana, dada, kwa mfano huo. Nitauchukua na kuupeleka darasani, maana sikuwahi kulieleza jambo hilo waziwazi namna hii, na ni kweli kwamba "umependeza" yetu haina nafasi kabisa ndani ya gefallen.

Nami niongeze kuhusu watu. "Ich mag ihn" maana yake ni mtu ninayemwona mwema, ninayefurahia kuwa naye. "Er gefällt mir" kwa kawaida husikika kama kuvutiwa na sura yake, kwa hiyo usimwambie mwalimu wako "Sie gefallen mir" ukidhani unamshukuru kwa somo. Somo lenyewe ndilo linaloweza kukupendeza: "Der Unterricht gefällt mir."

Baba Wawili

Mwalimu, na kulinganisha je? Mimi niliandika "Ich trinke mehr gern Tee als Kaffee" nikakatwa alama.

Mleta uzi

Ulikatwa kwa haki, ndugu yangu, ingawa naelewa ulikotoka: "napenda chai zaidi kuliko kahawa", na "zaidi" ikakuletea mehr. Kijerumani hakiongezi gern kwa mehr, wala hakina gerner katika lugha sanifu. Kielezi hiki hubadilika kabisa: gern, lieber, am liebsten.

Ushauri wangu ni kuiacha "zaidi" na kuanzia kwenye "afadhali". Ich trinke lieber Tee als Kaffee: afadhali ninywe chai kuliko kahawa. Ich gehe lieber nach Hause: heri niende nyumbani. Hata ile afadhali ya ushauri, "afadhali uje kesho", inapata mwenzake bila kubadilisha kitu: Komm lieber morgen. Kila mahali ambapo ulimi wako ungesema afadhali au heri, jaribu lieber, na mara nyingi sana itakubali. "Kuliko" ni als. Wie si mahali pake hapa.

Kwa am liebsten, kosa liko kwenye mpangilio wa maneno. Watu huipeleka mwanzoni, jambo lililo sahihi, lakini wanasahau kwamba kitenzi lazima kishike nafasi ya pili. Si "Am liebsten ich esse Fisch", bali "Am liebsten esse ich Fisch". Hesabu am liebsten kuwa kitu kimoja, na kinachofuata mara moja ni kitenzi.

Kwa kuwa tumefika kwenye kinachopendwa kuliko vyote, lipo pia Lieblings-, linalounganishwa moja kwa moja na nomino: Lieblingsessen, chakula nikipendacho kuliko vyote, Lieblingsfarbe, rangi, Lieblingsfilm, filamu. Jinsia hutoka kwenye nomino ya mwisho, ndiyo maana ni meine Lieblingsfarbe lakini mein Lieblingsessen. Vitenzi bevorzugen na vorziehen, vyote vya kupendelea, vipo kwa maandishi rasmi, A1 haivihitaji.

Mpwani

Samahani mwalimu, nirudi kidogo. Möchte ni kitenzi kingine au ni mögen ileile? Kitabu changu kinaiweka katika sura ya mkahawa peke yake.

Mleta uzi

Ni mögen ileile, na hapa tena naomba uitazame lugha yako. "Napenda kahawa" ni tabia yangu. "Ningependa kahawa" ni ombi langu la sasa hivi. Tulichofanya ni kuingiza -nge- ndani ya kitenzi kilekile, ombi likawa la adabu. Wajerumani wana umbo la masharti linalofanya kazi ya -nge- yetu, na mögen ikiingia humo inatoka möchte. Ich mag Kaffee, napenda kahawa. Ich möchte einen Kaffee, ningependa kahawa. Anayesimama kaunta na kusema "Ich mag Kaffee" amemweleza muuzaji habari za maisha yake, na muuzaji anasubiri aagize. Kusini mwa Ujerumani na Austria mtaulizwa "Magst du einen Kaffee?" kwa maana ya kukaribishwa; likubalini mkilisikia, lakini katika mtihani andikeni möchte.

Katika duka la mikate mtasikia zaidi "Ich hätte gern zwei Brötchen." Hätte ni haben iliyotiwa -nge-, kama kusema "ningefurahi kuwa na mikate miwili". Na kwa vitendo kuna würde gern: "Ich würde gern nach Berlin fahren", ningependa kwenda Berlin. Kama ni hamu ya ghafla, semeni "Ich habe Lust auf Fisch", nina hamu ya samaki, na auf hapo huchukua akuzativi, yaani umbo la kinachotendwa.

Jambo la mezani, ambalo lilinikuta mwenyewe. Nilipokuwa mgeni katika familia moja, mama mwenye nyumba alinyanyua bakuli la viazi na kuniuliza "Möchtest du noch Kartoffeln?" Nikajibu "Danke", kwa moyo wote, nikiwa na njaa. Bakuli likapita mbele yangu na kwenda kwa mtoto wa pili. Katika Kijerumani, danke peke yake mbele ya chakula mara nyingi huchukuliwa kuwa ni kukataa, na mwenyeji hatakushikiashikia kama wafanyavyo wenyeji wa kwetu, ambao "asante" ya kwanza hawaihesabu. Ukitaka, sema "Ja, gern" au "Ja, bitte". Hiyo gern ni ileile ya mwanzo wa uzi huu.

Muuguzi Mtarajiwa

Na "nakupenda" mwalimu? Nina rafiki Mjerumani, mama mtu mzima, aliyenisaidia sana kupata nafasi ya mafunzo. Nilitaka kumwandikia ujumbe wa shukrani.

Mleta uzi

Nimefurahi umeuliza kabla ya kutuma. "Nakupenda" yetu ni pana: mama humwambia mwanawe, rafiki humwambia rafiki, na wachumba huambiana. "Ich liebe dich" ni nyembamba zaidi na kwa kawaida ni ya wapenzi, ingawa mzazi anaweza kumwambia mtoto. Kwa ndugu, watoto na marafiki wa karibu kuna "Ich hab dich lieb". Kwa mtu unayemthamini tu, "Ich mag dich" au "Ich habe dich gern". Kama mama huyo bado unamwita Sie, ile "wewe" ya heshima, usitumie hata moja kati ya hizo. Mwandikie "Ich bin Ihnen sehr dankbar", nakushukuru sana, na upendo wako atauona humo.

Baba Wawili

Nimejaribu aya ya kujitambulisha. Naomba usahihishe bila huruma: "Ich koche gern. Am liebsten koche ich Reis mit Fisch. Fisch schmeckt mir, aber Käse esse ich nicht so gern. Meine Stadt gefällt mich. Ich möchte gern in Hamburg arbeiten, denn ich mag das Wasser."

Mleta uzi

Umefanya kazi nzuri, na naona umeweka kitenzi nafasi ya pili hata baada ya Käse, jambo ambalo sikulieleza. Kosa ni moja: "Meine Stadt gefällt mich." Jisemee polepole "mji wangu unanipendeza", uitafute ile -ni-, kisha uandike tena mstari huo peke yake.

Baba Wawili

Meine Stadt gefällt mir.